Kwa Nini Maji ya Tangi la Bahari Huenguliwa Juu Kabla ya Kuchujwa

Msomaji wa Kileleshwa, Nairobi, ameandika: "Nina tangi la maji ya chumvi la lita 300 ambalo limetimiza miezi mitano. Ndani yake mna samaki sita, akiwemo kangaja mmoja, pamoja na mwamba kiasi. Ninatumia kichujio cha mkebe kilichowekwa kabatini chini ya tangi. Maji yanang'aa, lakini juu yake hutanda kitu kama mafuta, na nikiamka alfajiri nawakuta samaki wote wamepanda juu wakihema. Kipimo cha naitreti kinasoma 60. Aliyeniuzia vifaa ananishauri ninunue mkebe mkubwa zaidi, ilhali rafiki yangu anayefuga samaki kule Mombasa anasema kasoro ni kwamba sina skima. Nimfuate nani, na je, skima hasa hufanya nini ambacho kichujio changu hakifanyi?"

Rafiki yako wa Mombasa amekaribia ukweli kuliko muuzaji, ila naye ameruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya jibu langu. Kabla ya skima, yaani chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu la viputo vya hewa, kuna jambo la kuyachukua maji kutoka juu kabisa ya tangi, pale ulipo huo utando unaouona. Skima ikipewa maji ya chini itafanya kazi nusu, na mkebe, uwe mkubwa namna gani, hautaugusa utando huo kamwe, kwa sababu mdomo wa bomba lake umezama.

Nianze na mkebe, maana ndio ulio nao. Kung'aa kwa maji na usafi wake ni mambo mawili tofauti. Mkebe huvuta maji, huyapitisha kwenye sifongo na vipande vya kauri, kisha huyarudisha yakiwa hayana chembe za kuonekana. Lakini kinyesi kilichonaswa kwenye sifongo hakijatoka majini. Kimehama tu kutoka mahali unapopaona hadi mahali usipopaona, na maji yale yale yanaendelea kupita juu yake usiku na mchana. Kikikaa humo wiki tatu kitaoza, bakteria watakibadili kuwa amonia, kisha naitraiti, na mwisho naitreti, na hiyo naitreti itarudi tangini kupitia bomba safi kabisa. Kipimo chako cha 60 kwa sehemu kubwa kimetoka humo kabatini. Ukinunua mkebe mkubwa zaidi na kuufungua mara chache zaidi, kama watu wengi wafanyavyo, utakuwa umeongeza ukubwa wa ghala la uchafu. Kwa hiyo kila unapoonyeshwa kifaa dukani, uliza maswali mawili: je, kinachonaswa kinatoka majini, na kinatoka kabla ya kuoza au baada ya kuoza?

Sasa tuje kwenye utando. Samaki hutoa ute kutoka kwenye ngozi, chakula huachia mafuta na protini, mwani hutoa sukari na vitu vinginevyo, na kila kiumbe kinachokufa ndani ya mwamba huyeyuka polepole. Molekuli nyingi za vitu hivi zina tabia mbili kwa wakati mmoja: upande mmoja huyapenda maji, na upande wa pili huyakimbia. Molekuli ya namna hiyo haipati utulivu katikati ya maji. Ikifika juu, upande unaoyakimbia maji huelekea hewani na ule unaoyapenda hubaki ndani, na hapo hutulia. Ndivyo sabuni inavyofanya kwenye karai la kufulia, na ndivyo uchafu ulioyeyuka unavyojipanga wenyewe juu ya tangi lako, tabaka jembamba sana, bila kusukumwa na mtu. Ongeza humo mvuke wa mafuta unaotoka jikoni wakati wa kupika chapati, hasa katika nyumba ambazo jiko na sebule havitenganishwi na ukuta, pamoja na mafuta ya kujipaka yanayoachwa na mkono uliotumbukizwa majini, na utaelewa kwa nini uso wa maji ndio mahali palipokusanya uchafu mwingi zaidi katika tangi zima.

Wengi hudhani utando huo huyaziba maji kama kifuniko. Utando mwembamba hauzibi kiasi hicho; dhara lake kubwa ni kwamba hutuliza viwimbi. Oksijeni huingia majini na hewa ya ukaa hutoka kupitia uso ule, na kasi ya mabadilishano hayo hutegemea jinsi maji ya juu yanavyopinduliwa na nafasi yake kuchukuliwa na maji mapya kutoka chini. Maji yenye utando hukaza kama ngozi ya ngoma. Pampu inaweza kuwa inasukuma vizuri huko chini, huku juu tabaka lile lile likibaki palepale, limeshiba oksijeni lenyewe bila kuipeleka chini kwa samaki.

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na Mombasa, na ndipo ushauri wa rafiki yako unapohitaji kupimwa upya. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni takriban asilimia 81 ya ile ya pwani. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, yaani sehemu 35 kwa 1,000, na joto la nyuzi 25, hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa kila lita yanaposhiba pale Mombasa. Maji hayo hayo yakiletwa Kileleshwa, hata yakishiba kabisa, hayawezi kubeba zaidi ya takriban 5.5. Wewe na rafiki yako mkiwa na tangi sawa, samaki sawa na utando sawa, wako wanaanza usiku wakiwa na akiba pungufu kwa karibu moja ya tano. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa taa. Taa zikizimwa, mwani, mwamba, bakteria na samaki wote huvuta kutoka akiba ile ile, na kiwango hufikia chini kabisa muda mfupi kabla ya kupambazuka. Ndiyo maana unawakuta juu alfajiri. Kama wangekuwa wanahema hivyo saa nane mchana pia, ningeshuku amonia au vimelea vya matamvua, na ningekuomba upime amonia leo hii kabla ya kusoma zaidi. Hata hivyo ipime, kwa kuwa ni jambo la dakika tano.

Njia ya kuuondoa utando ni kuuengua, na neno hili la jikoni linatosha kabisa. Katika matangi mengi ya bahari yaliyoundwa vizuri, kona moja au ukuta wa nyuma huwekewa sanduku dogo la kufurikia, ambalo ukingo wake uko chini kidogo ya kimo cha maji. Pampu ikirudisha maji tangini, maji yanapanda, na yanapopanda hayana pa kwenda ila kumwagika juu ya ukingo huo. Yanayomwagika ni ya juu kabisa. Huanguka ndani ya sanduku, hushuka kwa bomba hadi tangi la pili lililo kabatini, ambalo wafugaji huliita sampu, hupita kwenye vifaa vyote vya kusafishia, kisha pampu huyapandisha tena. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuingia sampu ni utando wenyewe, na vifaa vilivyoko chini hulishwa maji yenye uchafu mwingi kuliko maji mengine yoyote tangini.

Urefu wa ukingo una maana kubwa kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Chukua mtiririko wa lita 1,200 kwa saa, yaani mara nne ya ujazo wa tangi lako, ambao ni mtiririko unaofaa kwa sampu. Ukingo mnyoofu wa sentimita 40 usio na meno utapitisha maji hayo katika tabaka lenye kina cha takriban milimita 6. Ukingo wa sentimita 10 utalazimika kuyapitisha katika kina cha karibu milimita 15. Kiasi cha maji ni kile kile, lakini katika hali ya pili sehemu kubwa ya maji yanayomwagika yametoka chini ya uso, na utando huburutwa polepole. Meno yanayokatwa kama ya kitana ili kuwazuia samaki hupunguza urefu unaopitisha maji, mara nyingi kwa nusu, kwa hiyo yazingatie unapopima. Ukimpelekea fundi wa vioo mchoro wako kule Eneo la Viwanda, mwambie pia kwamba ukingo lazima uwe sawa kwa pima-maji. Ukiinama upande mmoja kwa milimita chache tu, maji yote yatapita upande huo na upande wa pili utabaki mkavu.

Nitakaa kidogo kwenye suala la umeme kukatika, kwa sababu limewagharimu wafugaji wengi wa jiji hili, mimi nikiwa mmoja wao. Pampu ikisimama, maji yaliyo juu ya ukingo huendelea kushuka sampu hadi yalingane na ukingo. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, kila sentimita moja ya kimo ni lita 6. Kwa hiyo sentimita 2 zikishuka, lita 12 zinaingia sampu, na hizo si nyingi. Hatari iko kwenye bomba la kurudisha. Mdomo wake ukiwa umezama sentimita 10, bomba litageuka kuwa mrija wa kunyonya na kuyavuta maji kinyume hadi mdomo huo upate hewa, na hizo ni lita 60. Katika tangi langu la kwanza mdomo ulizama kiasi hicho, na sampu yangu ilikuwa na nafasi ya lita 20 tu. Umeme ulikatika saa nane usiku. Lita 40 za maji ya chumvi zilimwagika sakafuni na kupenya hadi dari ya jirani wa chini, mama mzee aliyenifungulia mlango alfajiri akiwa ameshika beseni. Tangu siku hiyo sijawahi kuwasha tangi jipya bila kwanza kuchomoa pampu kwa makusudi na kusimama pale hadi maji yaache kushuka.

Weka mdomo wa bomba sentimita moja au mbili tu chini ya uso. Watu hutoboa tundu dogo karibu na uso ili livute hewa mapema, na ni wazo jema, ila tundu hilo huzibwa na mwani, kwa hiyo lisiwe tegemeo lako la pekee. Vali ya kuzuia maji kurudi nayo hukwama. Sanduku la kufurikia liwe pia na bomba la pili la dharura, lililo juu kidogo ya lile la kwanza, kwa sababu konokono mmoja akiingia bomba lililo peke yake, tangi la juu ndilo litakalofurika.

Maji yakifika sampu hukutana kwanza na soksi ya kuchujia, ambayo kwa kawaida ina matundu ya mikroni 200. Hii hunasa chembe, na si kifaa cha kuzungumziwa sana: ibadilishe kila baada ya siku mbili au tatu, ifue kwa maji bila sabuni, ianike. Ukiiacha wiki mbili inakuwa mkebe mwingine.

Baada ya soksi ndipo skima. Mtu aliyewahi kuchemsha maharagwe anaijua kanuni yake: povu linalopanda juu ya sufuria hubeba protini, na mpishi huliengua kwa mwiko na kulitupa. Bahari yenyewe hufanya vivyo hivyo. Wakati wa upepo wa kusi, mawimbi yakichafuka, ufuo wa pwani yetu huachiwa mistari ya povu zito la rangi ya kahawia, nalo ni uchafu wa viumbe ulioenguliwa na viputo na kutupwa nchi kavu. Skima ni chombo kinacholifanya jambo hilo ndani ya bomba la plastiki.

Hesabu ya viputo ndiyo siri yake. Tumesema kwamba molekuli zenye tabia mbili hukimbilia mahali maji yanapokutana na hewa. Uso wa tangi la sentimita 120 kwa 50 ni sehemu sita za kumi za mita ya mraba. Lita moja ya hewa ikigawanywa kuwa viputo vyenye kipenyo cha milimita moja, jumla ya nyuso za viputo hivyo ni mita 6 za mraba. Vikiwa vya nusu milimita, ni mita 12. Yaani lita moja ya hewa iliyosagwa vizuri inakupa uso mpya mara 20 ya uso wa tangi zima, na skima huingiza mamia ya lita za hewa kila saa. Pampu yake hunyonya hewa kwa mrija mwembamba, na rota yenye vijiti kama sindano huikatakata. Viputo vinapopanda vikizunguka ndani ya mwili wa skima, molekuli hugandamana navyo. Juu, chombo hubanwa na kuwa shingo nyembamba. Hapo viputo hubanana, maji yaliyo kati yake hutiririka kurudi chini, na povu lililobaki likiwa zito husukumwa hadi kwenye kikombe. Kikombe hakirudishi kitu tangini. Unachokimwaga asubuhi, maji ya rangi ya chai ya rangi yenye harufu kali, kimetoka kabisa, na sehemu yake kubwa imetoka kabla ya kuoza.

Huenda umejiuliza kwa nini wafugaji wa samaki wa maji baridi hawana kifaa hiki. Sababu ni chumvi. Katika maji ya bahari, ayoni za chumvi huvizuia viputo vidogo kuungana na kuwa vikubwa, kwa hiyo hubaki vidogo na hupanda polepole. Katika maji matamu viputo hugongana, huungana na kukimbilia juu, na povu halisimami.

Nisikupe matumaini yasiyo na mipaka, hata hivyo. Skima haiondoi amonia, naitraiti, naitreti wala fosfeti ambazo tayari zimo majini, kwa kuwa hizo hazina upande unaoyakimbia maji. Huondoa malighafi ambayo ingezizalisha. Na hata katika malighafi hiyo haichukui yote: mwanakemia Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, alipopima skima za aina mbalimbali aliona kwamba ziliondoa takriban asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni yote itokanayo na uchafu wa viumbe iliyokuwamo majini, na kwamba tofauti kati ya skima moja na nyingine haikuwa kubwa kama bei zake. Ndiyo sababu sitakushauri ununue ya bei ya juu kabisa. Nunua iliyotengenezewa tangi la lita 400 hivi, pampu yake iwe na vipuri vinavyopatikana, basi.

Faida yake ya pili, ambayo kwa mtu wa Nairobi naiweka sawa na ile ya kwanza, ni hewa. Mita zile zote za mraba za viputo ni mahali pa oksijeni kuingia na hewa ya ukaa kutoka, mchana na usiku. Haiwezi kuupita mpaka wa miligramu 5.5, kwa kuwa hewa inayonyonya ni hewa hii hii yetu nyepesi, lakini inayaweka maji karibu na mpaka huo hata saa kumi na moja alfajiri. Kwa sababu inanyonya hewa ya chumbani, inanyonya pia kila kilichomo chumbani. Dawa za mbu na mende za kupuliza zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo ni sumu kali mno kwa samaki, kamba na kaa. Ukipuliza dawa sebuleni skima ikiwa inafanya kazi, unaiyeyusha moja kwa moja tangini. Usipulize kabisa katika chumba hicho, na nyumba ya jirani ikifukizwa, zima skima na ufunike tangi hadi hewa itoke. Ukiweza, pitisha mrija wa hewa hadi nje ya dirisha. Utapata pia pH iliyo thabiti zaidi, maana chumba kilichofungwa chenye watu wengi hujaa hewa ya ukaa, na hewa hiyo huishusha pH ya maji.

Kuirekebisha skima kunahitaji subira. Mpya hutoa povu la ajabuajabu kwa siku kadhaa hadi plastiki yake ifunikwe na utando wa bakteria, usiiguseguse. Baada ya hapo, pandisha kimo cha povu hadi likae karibu na mwisho wa shingo. Povu zito na jeusi huondoa maji kidogo, povu jepesi huondoa uchafu mwingi zaidi pamoja na maji ya chumvi ambayo itakubidi uyafidie. Mimi hupendelea lililo katikati, la rangi ya chai. Povu likianguka ghafla baada ya kulisha au baada ya kutia mkono uliopakwa mafuta, skima haijaharibika, kwa sababu mafuta huvunja povu. Litarudi baada ya saa chache. Jambo moja haliruhusu uzembe: kimo cha maji mahali skima iliposimama kisibadilike. Kila skima ina kimo ilichoundiwa, mara nyingi kati ya sentimita 18 na 25, na sentimita moja ikiongezeka kikombe kinafurika. Ndiyo maana sampu hugawanywa kwa kuta za kioo, ili chumba cha skima kibaki na kimo kile kile huku upungufu wa maji yanayofuka ukionekana kwenye chumba cha pampu ya kurudisha. Yanayofuka ni maji matupu, chumvi hubaki. Kwa hiyo jazia kwa maji matamu, na si ya chumvi, kila siku.

Kazi ya amonia na naitraiti ni ya viumbe wadogo wanaoishi kwenye mwamba na mchanga. Zamani ilidhaniwa kuwa ni bakteria peke yao, hadi mwaka 2005 watafiti walipotangaza kiumbe cha kundi la akea (viumbe wa seli moja wasio bakteria), Nitrosopumilus maritimus, walichokipata katika tangi la maji ya bahari la akwariamu ya Seattle, nacho huishi kwa kuigeuza amonia. Ndani kabisa ya mwamba wenye vinyweleo, mahali oksijeni haifiki, bakteria wengine huichukua naitreti na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka hewani. Mwamba wako ni "kiasi" kwa maneno yako mwenyewe, uongeze. Tumia mwamba mkavu ulionunuliwa, na utajaa uhai wenyewe baada ya miezi. Usimtume mtu akubandulie matumbawe au mwamba baharini. Hifadhi za Malindi na Watamu zililindwa kisheria tangu mwaka 1968, na hata nje ya hifadhi, mwamba unaobanduliwa ni nyumba ya samaki wengine.

Ukitaka kuondoa rangi ya manjano majini, mkaa ulioamilishwa unafaa, kikombe kimoja kwenye mfuko wa wavu, ubadilishwe kila mwezi. Makaa ya jikoni si kitu kimoja nao: hayana vinyweleo vya kutosha na yana majivu. Kuhusu maji ya kuchanganyia chumvi, usitumie ya kisima cha kuchimbwa bila kuyasafisha, kwa kuwa visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Ya mfereji nayo yana klorini. Tumia yaliyopitishwa kwenye utando wa osmosisi kinyume, kama yanavyouzwa katika maduka mengi ya kujazia mitungi, lakini nenda na mita yako mwenyewe ya TDS, yaani ya kupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, na yakisoma juu ya 10 usiyanunue.

Basi, katika hali yako, fanya hivi. Leo usiku elekeza mdomo wa bomba la mkebe juu ili uso wa maji utikisike, na wacha taa za chumba zikiwa zimezimwa lakini pampu zote zikifanya kazi. Nunua pampu ndogo ya hewa yenye betri, inayojiwasha umeme ukikatika. Osha sifongo ya mkebe wiki hii kwa maji ya chumvi yaliyotolewa tangini, na uioshe kila wiki. Vipande vya kauri visuuze nusu tu kwa safari moja, ili usiwaue viumbe wanaokulinda dhidi ya amonia. Badilisha asilimia 20 ya maji kila wiki. Hata kama naitreti mpya haiongezeki, mara nne za kubadilisha zitaishusha kutoka 60 hadi karibu 25, na kuharakisha zaidi ya hapo hakuna faida kwa samaki waliokwisha kuizoea.

Tangi lako halijatobolewa, na kulitoboa likiwa na maji haiwezekani. Kuna masanduku ya kufurikia ya kuning'inizwa ukingoni, yanayotegemea mrija wa kunyonya, lakini kwa ghorofa yenye umeme unaokatika sikushauri. Mrija huo ukipoteza maji na pampu ikarudi, tangi hufurika. Chagua skima ya kuning'inizwa nyuma ya tangi, na hakikisha ni ile yenye kikusanyio cha juu, yaani mdomo unaoelea na kuvuta utando wenyewe. Hiyo itakupa kuengua na povu kwa kifaa kimoja. Ikishafanya kazi wiki sita na mwamba ukiwa umeongezwa, anza kutoa vipande vya kauri kutoka kwenye mkebe, theluthi moja kila baada ya wiki mbili, ukipima amonia siku ya pili na ya nne baada ya kila hatua. Amonia ikionekana, simama hapo. Vikiisha vyote bila amonia kuonekana, mkebe utabaki wa kuwekea mkaa tu, na muuzaji wako hatakuwa na haja ya kukuuzia mwingine.